Robert Koch, daktari aliyekitafuta kipindupindu majini na kufika hadi kwetu

Kila masika yanapokaribia, simu ya studio hupokea swali lilelile, iwe anayepiga yuko Matombo, Mgeta, Mvuha au Kihonda hapa mjini: kipindupindu kikiisha, huwa kinakwenda wapi? Mwaka 2015 kililipuka Dar es Salaam mwezi Agosti, kikaingia Morogoro na mikoa mingine mingi, kikatulia, kisha kikarudi. Watu wanataka kujua kinajificha wapi wakati hakuna mgonjwa.

Mtu aliyeifungua njia ya kulijibu swali hilo ni daktari wa Kijerumani, Robert Koch. Amefariki zaidi ya miaka 110 iliyopita, lakini chupa ya maji inayopelekwa maabara leo bado inapita katika njia aliyoichonga yeye. Pia inakwama pale alipokwama yeye. Na wengi wetu hatujui kwamba aliwahi kufanya kazi nchi hii.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini kwenye milima ya Harz. Baba yake alikuwa mtumishi wa migodi na nyumba ilijaa watoto. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu 1866, na mwaka huohuo akiwa hospitalini Hamburg akakutana na kipindupindu kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Mchana alitibu watu. Jioni aliinamia hadubini katika chumba alichokigawa nyumbani kwake, hana msaidizi wala maabara ya serikali. Ng'ombe na kondoo wa eneo lile walikuwa wakifa kwa kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wetu wa Kilosa na Mvomero wanaufahamu vizuri. Koch akaonyesha kwamba kimeta kinaletwa na bakteria wa aina moja, na kwamba bakteria huyo hujigeuza kuwa kama mbegu ngumu inayokaa ardhini muda mrefu ikisubiri mnyama mwingine. Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake hadi Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ameanza kazi kwa kuchunguza mwani mdogo usioonekana kwa macho. Cohn alimwamini, akamchapishia kazi yake. Nadhani bila mtu yule wa mwani, daktari wa wilaya angebaki wilayani.

Mwani unarudi tena katika habari hii. Koch alipohamishiwa Berlin mwaka 1880, tatizo lake lilikuwa kuwatenganisha bakteria, kwa sababu kwenye mchuzi wote huchanganyika. Akajaribu kuwaotesha juu ya vipande vya viazi, kisha juu ya jelatini, lakini jelatini huyeyuka kwenye joto la mwili wa binadamu. Jibu lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya Koch, alikuwa akigandishia vyakula vyake kwa agari, unga unaotokana na mwani mwekundu wa baharini. Agari haiyeyuki kwenye joto hilo. Mpaka leo ukipimwa choo au mkojo hospitalini ili bakteria waoteshwe, wanaoteshwa juu ya agari. Jina la mama huyo halitajwi sana. Sisi tunalitaja.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, na ndiyo sababu Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila tarehe 24 Machi. Mwaka uliofuata kipindupindu kililipuka Misri. Koch akapelekwa Alexandria, na ugonjwa ulipopungua huko akausaka hadi Calcutta, India. Mwanzoni mwa 1884 akatangaza kwamba kwenye matumbo ya waliokufa kuna bakteria aliyejikunja kama alama ya mkato. Bakteria huyohuyo akamkuta kwenye bwawa ambalo watu wa kitongoji kilichopata ugonjwa walikuwa wakichota maji na kufulia nguo. Kusema haki, Mwitaliano Filippo Pacini alikwisha kumwona bakteria huyo mwaka 1854 huko Florence, lakini watu hawakumsikiliza.

Wengi walimpinga Koch pia. Jibu kali lilikuja mwaka 1892, kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg. Mji jirani wa Altona ulipakana nao, mtaa kwa mtaa. Yote miwili ilitumia maji ya mto Elbe, tena Altona ilichota upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni. Lakini Altona ilichuja maji yake kwenye mchanga, Hamburg haikuchuja. Altona ikapata wagonjwa wachache mno. Kwa mtu anayeishi kando ya Ngerengere au Ruvu, hilo si jambo la Wajerumani wa zamani.

Sasa turudi kwenye swali la wasikilizaji. Njia ya Koch ilikuwa kuotesha: bakteria akiota kwenye agari, yupo, asipoota, hayupo. Kwa miaka mingi wataalamu walichukua maji ya mito na bahari wakati hakuna mlipuko, wakaotesha, na mara nyingi hawakupata kitu. Wakahitimisha kwamba bakteria wa kipindupindu hawezi kukaa majini muda mrefu.

Haikuwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1980, mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake walionyesha kwamba bakteria huyo ni mkazi wa kawaida wa maji ya pwani, hasa pale maji ya mto yanapochanganyika na ya chumvi. Mazingira yakiwa magumu hulala. Hai yupo, lakini haoti kwenye sahani ya Koch. Hushikamana na vidudu vidogo sana vya jamii ya kamba, na vidudu hivyo hula mwani mdogo unaoelea. Maji yakipata joto na mbolea, mwani huongezeka ghafla hadi maji hubadilika rangi, vidudu hushiba na kuzaliana, na bakteria naye huongezeka pamoja nao.

Anayelala hupatikana kwa kutafuta vinasaba vyake. Kipimo ni PCR, kilekile tulichokisikia wakati wa Uviko. Mtaalamu huchuja maji, hutoa vinasaba vya kila kiumbe kilichomo, kisha hunakili kipande kimoja tu anachokijua, kwa mfano kile kinachotengeneza sumu ya kipindupindu. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na baada ya mizunguko 30 zinaweza kuwa nakala zaidi ya bilioni moja. Kama kipande hakikuwemo, hakuna cha kunakili. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na watafiti wakiwemo wa Tanzania uliikuta dalili ya bakteria wa kipindupindu, pamoja na wenye uwezo wa kutoa sumu, kwenye midomo ya mito yetu inapoingia Bahari ya Hindi.

Mto Ruvu unaanzia Uluguru na kumwaga maji yake baharini karibu na Bagamoyo. Lakini tusikimbilie kusema ugonjwa hupanda kutoka baharini hadi Kinole. Mwaka 2017 wataalamu walisoma vinasaba vya bakteria zaidi ya 1,000 waliokusanywa katika nchi 45 za Afrika kwa karibu miaka 50. Waligundua kwamba milipuko mikubwa ilitokana na bakteria walioletwa Afrika angalau mara 11 tangu 1970, wakisafiri ndani ya miili ya watu. Kwa hiyo jibu lina pande mbili: kuna wanaolala majini, na kuna wanaopanda basi pamoja nasi. Huko Bangladesh, vijiji vilivyochuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, maana vidudu vinavyobeba bakteria hunasa kwenye kitambaa. Khanga kuukuu ya pamba ikikunjwa vivyo hivyo ni bora kuliko kutochuja kabisa, ila bado chemsha au weka dawa ya maji.

Na Koch mwenyewe? Umaarufu ulimlevya. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu akaficha ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin, dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa. Akaachana na mke wake Emmy na kumwoa binti mdogo kwake kwa miaka mingi, Hedwig Freiberg. Baada ya hapo alisafiri sana.

Dar es Salaam alikuwepo 1897 na 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo. Alirudi 1905, mwaka uleule Vita vya Maji Maji vilipoanza. Alifanya kazi Amani, kwenye milima ya Usambara, na kwenye njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, ambako wasafiri waliugua homa inayokuja na kuondoka. Koch alichimbua udongo wa vibanda walimolala akawapata papasi. Alionyesha kwamba vijidudu vya homa hiyo vinaingia hadi kwenye mayai ya papasi, hivyo kizazi kipya huzaliwa nacho tayari. Desemba mwaka huo alipokea Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 na 1907 alikuwa Ziwa Victoria, visiwa vya Ssese, akitibu malale kwa dawa yenye aseniki iitwayo Atoksili. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Ugonjwa uliporudi, akaongeza dozi, na baadhi wakapofuka moja kwa moja. Aliishauri serikali yake iwakusanye wagonjwa kambini, na kambi zikajengwa, ambako watu walikwepa na kutoroka. Wasifu mwingi wa Koch huipita sehemu hii haraka. Waliopofuka walikuwa Waafrika waliokuja kwake wakitafuta uzima.

Robert Koch alifariki kwa moyo tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, ndani ya taasisi inayobeba jina lake, ambayo mpaka leo ndiyo inayofuatilia magonjwa ya milipuko nchini Ujerumani.