Joseph-Armand Bombardier

Joseph-Armand Bombardier (Valcourt, Quebec, 16 Aprili 1907 – Sherbrooke, 18 Februari 1964) alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara wa Kanada. Anajulikana hasa kwa kuunda magari ya theluji, pamoja na Ski-Doo, chombo kidogo kinachopandwa kama pikipiki.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Alfred Bombardier na Anna Gravel, walitaka awe padre. Alisoma seminari mjini Sherbrooke, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mitambo. Mwishoni mwa 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alifunga injini ya gari la Ford na pangaboi kubwa juu ya sleji, akaiendesha kijijini pamoja na mdogo wake Léopold. Baba yao aliona ni hatari, akaamuru ivunjwe. Mwaka 1926 Bombardier alifungua gereji yake Valcourt, na mwaka 1929 alimwoa Yvonne Labrecque.

Msiba na uvumbuzi

Wakati huo barabara za vijijini Quebec hazikuondolewa theluji. Wakati wa baridi watu walitumia sleji za farasi, na kijiji kiliweza kutengwa kwa siku kadhaa. Mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua kidole tumbo. Njia ya kwenda hospitali ya Sherbrooke, umbali wa takriban kilomita 50, ilikuwa imezibwa na theluji, na mtoto akafariki.

Bombardier aliendelea kutafuta chombo cha kushinda theluji. Alibuni gurudumu la meno lililofunikwa mpira, linalozungusha mkanda chini ya gari, akapata hataza mwaka 1937. Gari lake la B7 lilibeba watu saba. Baadaye magari ya aina hiyo yalitumiwa na madaktari, wabeba barua na wanafunzi. Mwaka 1942 alianzisha kampuni ya L'Auto-Neige Bombardier.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilianza kusafisha barabara za vijijini, na mauzo yakashuka. Bombardier akageukia mitambo ya misituni na kwenye vinamasi.

Ski-Doo na vilabu

Mwaka 1959 alitoa Ski-Doo, aliyokusudia iwafae wawindaji na wamisionari wa kaskazini badala ya mbwa wa kuvuta sleji. Lakini wengi waliinunua kwa burudani. Waendeshaji walihitaji njia salama, hivyo majirani wakaunda vilabu. Hadi leo wanachama hulipa ada na kujitolea kuomba ruhusa ya wenye mashamba, kuweka alama na kusawazisha theluji kwa mitambo. Bila kazi hiyo njia hufungwa, kwa kuwa sehemu kubwa hupita katika ardhi ya watu binafsi. Vilabu vya Quebec viliunda shirikisho lao mwaka 1974, na leo vinatunza njia zenye urefu wa zaidi ya kilomita 30,000.

Kifo na urithi

Bombardier alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 56, kabla vilabu hivyo havijaenea. Gereji yake ya kwanza imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Valcourt, lililofunguliwa mwaka 1971.