Student: Mtengeneza bia aliyeipima hesabu yake kwa kadi

WENGI wanaolinganisha wastani wa makundi mawili kwa jaribio la t hukimbilia jibu bila kukagua masharti yake. William Sealy Gosset, aliyeasisi jaribio hilo, hakuwa na pupa hiyo.

Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, Juni 13, 1876, akasomea hisabati na kemia chuoni Oxford. Mnamo 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness jijini Dublin, Ireland. Huko majaribio ya shayiri yalikuwa ghali na vipimo vikawa haba, ilhali kanuni za takwimu za enzi hizo zilidai vipimo tele.

Baada ya kusoma kwa Karl Pearson jijini London, alichapisha ufumbuzi wake mnamo 1908 katika jarida la Biometrika. Kwa kuwa mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, alijiita Student, yaani mwanafunzi. Baadaye Ronald Fisher aliipa kanuni hiyo sura ya t inayotumika hadi leo.

Hesabu yake ilisimama juu ya dhana kwamba vipimo vimetawanyika kwa umbo la kengele: vingi karibu na wastani, vichache pembeni. Gosset hakutaka kusadikiwa bure. Alitwaa vipimo vya kimo na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya barabara mithili ya mcheza karata, kisha akazigawa mafungu 750 ya kadi nne nne. Alikokotoa fungu baada ya fungu, kazi ya kuchosha kwelikweli, na matokeo yakawiana vyema na nadharia.

Lakini kadi huchanganyika; binadamu huchagua. Hilo lilidhihirika Lanarkshire, Scotland, mwaka wa 1930, watoto wapatao 20,000 walipopimwa ili kujua iwapo maziwa ya shuleni huwakuza. Nusu yao walinyweshwa maziwa, nusu wakakosa. Walimu waliruhusiwa kubadilisha majina pale kundi moja lilipoonekana limeshiba kuliko jingine, na yamkini huruma iliwaelekeza kwa maskini, kwani waliopewa maziwa walianza wakiwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Isitoshe, watoto walipimwa uzani na nguo zao, Februari ya baridi na tena Juni.

Mnamo 1931 Gosset alionyesha kwamba wingi ule haukutibu kasoro ya uteuzi. Alipendekeza jozi 50 za pacha wa kufanana, mmoja apewe maziwa kwa kurusha sarafu. Zingeaminika zaidi, tena kwa gharama ndogo.

Mnamo 1935 alihamia London kusimamia kiwanda kipya cha mwajiri wake. Alifariki Oktoba 16, 1937, akiwa na umri wa miaka 61. Takriban makala zake zote zilibeba jina la Student.