George Hurst: Alianzisha bia, akauawa na tembo

Ukiikuta chupa ya Tusker baa, hata kule Lupingu pembeni ya Ziwa Nyasa, mwangalie vizuri yule tembo kwenye lebo. Bia yenyewe si kali, kilevi ni asilimia 4.2 tu. Ulanzi wa Njombe uliolala unaweza kuipita. Ila stori yake ni nzito.

George Hurst, mlowezi nchini Kenya, alianzisha Kenya Breweries mwaka 1922 pamoja na ndugu yake, Charles. Bia ilipikwa Ruaraka kwa moto wa kuni. Desemba mwaka huohuo kreti 10 za kwanza zikapelekwa hoteli ya Stanley, Nairobi. Fikiria presha: wanywaji wa pale walizoea bia za kuagizwa kwa meli.

Mwaka 1923 Hurst akaenda kuwinda, akauawa na tembo. Kwa hiyo hakuwahi kuonja bia inayoitwa Tusker. Jina hilo, yaani tembo dume mwenye pembe kubwa, lilikuja baadaye ili kumkumbuka. Kumuenzi marehemu kwa kumchora aliyemuua, hiyo nayo kali!

Mwaka 1935 kampuni ikainunua Tanganyika Breweries ya huku kwetu, na 1936 ikaitwa East African Breweries.