Jean-Pierre Finant, kiongozi wa kwanza aliyechaguliwa wa Jimbo la Mashariki

MAHAGI-PORT – Vijana wengi wa kandokando ya Ziwa Albert wanajua jina la Patrice Lumumba. Jina la Jean-Pierre Finant wanalijua wachache, hata kama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchaguliwa ili kuongoza jimbo lililokuwa na Mahagi, Bunia, Aru na Djugu ndani yake. Aliongoza kwa miezi isiyofika mitano, kisha akauawa mbali na kwao bila kesi ya haki.

Finant alizaliwa mwaka 1922, wakati Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Alikuwa chotara. Alijiunga na chama cha MNC, upande wa Lumumba, na akawa mmoja wa viongozi wake Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Mji huo ndio uliokuwa ngome ya chama. Mwisho wa mwezi wa kumi 1959, baada ya mkutano mkuu wa MNC, fujo zilitokea pale, watu wakauawa na Lumumba akafungwa.

Mwezi wa tano 1960 wananchi walipiga kura kabla ya uhuru. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Katika Jimbo la Mashariki mpinzani mkubwa wa MNC alikuwa chama cha PNP, ambacho watu wengi walikiona kuwa karibu na wakoloni. Matokeo hayakuacha shaka: MNC ya Lumumba ilipata viti 58 kati ya 70 vya bunge la jimbo.

Sheria ya wakati ule haikusema gavana, ilisema rais wa jimbo. Lakini njia ilikuwa karibu sawa na ya leo: wananchi wanachagua wabunge wa jimbo, na wabunge hao wanachagua kiongozi. Mwezi wa sita 1960 walimchagua Finant. Siku chache baadaye, tarehe 30, Kongo ikapata uhuru.

Hakupata muda wa kufanya kazi. Tarehe 5 mwezi wa tisa, Rais Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba kwenye cheo cha waziri mkuu. Tarehe 14, Kanali Mobutu akatangaza kwamba anawaweka kando wanasiasa. Stanleyville ilibaki upande wa Lumumba, kwa hiyo viongozi wake wakawa wa kutafutwa. Mwezi wa kumi askari walimkamata Finant, akafungwa Léopoldville. Bunge lililomchagua halikuwa limemwondoa. Bunduki ndiyo iliyomwondoa.

Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mwezi uliofuata Finant na wafungwa wenzake, kati yao Meja Jacques Fataki, walitolewa Léopoldville kwa ndege na kupelekwa Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Kule alitawala Albert Kalonji, aliyekuwa pamoja na Lumumba katika MNC kabla ya chama kugawanyika mwaka 1959. Baluba wengi walikuwa wameuawa na jeshi la taifa mwezi wa nane 1960, na uchungu ulikuwa bado mbichi. Wakubwa wa Bakwanga walidai kwamba wafungwa walihukumiwa na machifu kwa sababu ya mauaji hayo. Lakini Finant alikuwa kiongozi wa Jimbo la Mashariki, hakuwa na cheo chochote kule Kasai. Aliuawa akiwa na miaka kama 38.

Habari ilipofika Umoja wa Mataifa, tarehe 21 mwezi wa pili Baraza la Usalama liliruhusu askari wake kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko Stanleyville kisasi kilikuwa kimekwisha kufanyika: wafungwa 15 waliuawa, kati yao Alphonse Songolo, aliyewahi kuwa waziri wa Lumumba. Nao hawakupata kesi ya haki.

Jimbo la Mashariki liligawanywa mwaka 1962, likaunganishwa tena, na tangu 2015 Ituri ni jimbo peke yake. Mwaka 2019 wabunge wa jimbo walimchagua Jean Bamanisa kuwa gavana. Mwezi wa tano 2021, kwa sababu ya mauaji ya makundi yenye silaha, serikali iliweka utawala wa kijeshi, na ofisi ya Bunia ikakabidhiwa jenerali.

Hali hizo mbili si sawa: mwaka 1960 kiongozi alikamatwa na kuuawa, mwaka 2021 amri ya rais ndiyo iliyobadilisha uongozi. Ila kwa mvuvi wa Mahagi-Port jambo moja halijabadilika. Kura yake inafika kwa gavana kupitia mbunge wa jimbo, na bunge likinyamazishwa, kura hiyo inabaki njiani. Finant alikuwa wa kwanza kulipa bei ya jambo hilo katika jimbo letu.