Ouko na kiwanda cha molasi

Robert Ouko, mzaliwa wa Nyahera karibu na Kisumu mwaka 1931, alianza kwa ualimu akafika waziri wa mambo ya nje. Februari 1990 alitoweka shambani kwake Koru. Maiti yake ikaonekana kilimani Got Alila, ina risasi kichwani na imechomwa. Polisi walidokeza kuwa kajiua, kana kwamba mtu hujipiga risasi kisha akajitia moto! Mpelelezi John Troon kutoka Uingereza alitaja ufisadi katika mradi wa kiwanda cha molasi cha Kisumu, ambao Ouko alitaka ufufuliwe. Rais Moi aliahidi uchunguzi usiobakisha kitu. Novemba 1991 yeye mwenyewe akaivunja tume ya Jaji Gicheru kabla haijamaliza kazi. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.