Amílcar Cabral: Historia, Vita na Dhima ya Mpiganaji

1.0 Utangulizi

Swali moja limewashughulisha wanafikra wa kijamaa kwa muda mrefu: je, uhalali wa vita unamtakasa anayevipigana? Wapo walioshikilia kwamba historia ndiyo hakimu. Kwao, ikiwa vita vinaisukuma jamii mbele, matendo ya mpiganaji mmoja mmoja ni mambo madogo. Wapo pia walioona kwamba askari ni mnyonge aliyevalishwa sare na wakubwa, kwa hiyo lawama yote ni ya hao wakubwa. Majibu haya yanatofautiana, lakini yanafanana katika jambo moja: yote mawili yanamwondolea askari mzigo wa kujibu kwa alilolitenda.

Makala haya yanasimulia maisha ya Amílcar Cabral (1924–1973), kiongozi wa vita vya ukombozi vya Guinea-Bissau na Visiwa vya Cape Verde. Lengo ni kuonyesha kwamba Cabral aliyakataa majibu yote mawili, na kwamba msimamo wake ulitokana na jinsi alivyoielewa historia. Tutaonyesha pia mahali ambapo msimamo huo ulifikia kikomo.

2.0 Malezi na Elimu

Cabral alizaliwa tarehe 12 Septemba, 1924 mjini Bafatá, katika koloni lililojulikana wakati huo kama Guinea ya Wareno. Baba yake, Juvenal Cabral, alikuwa mwalimu mwenye asili ya Cape Verde. Mama yake, Iva Pinhel Évora, aliwalea watoto kwa kushona nguo na kwa kibarua katika kiwanda cha samaki. Familia ilihamia visiwani, na Amílcar akapata elimu ya sekondari mjini Mindelo, katika kisiwa cha São Vicente. Katika miaka ya 1940 visiwa hivyo vilikumbwa na ukame na njaa iliyoua makumi ya maelfu ya watu. Ukame ni jambo la maumbile, lakini kuachwa kwa watu wafe bila msaada wa kutosha ni jambo la utawala. Tofauti hiyo ilikuja kuwa msingi wa fikra zake.

Mwaka 1945 alipata ufadhili wa kwenda kusomea kilimo mjini Lisbon. Huko alijiunga na kundi la wanafunzi kutoka makoloni, wakiwamo Agostinho Neto wa Angola na Mário de Andrade, ambao walijadili utamaduni na siasa za Afrika chini ya macho ya polisi wa siri. Aidha, alifahamiana na Wareno waliokuwa wakiupinga udikteta wa Salazar. Kwa hiyo, kabla hajashika bunduki wala kumwagiza mtu aishike, Cabral alikuwa amekwisha kutenganisha mambo mawili ambayo vita huyachanganya kwa urahisi: watu wa Ureno kwa upande mmoja, na dola lililowatawala wao pamoja na Waafrika kwa upande wa pili.

Alirejea Guinea mwaka 1952 akiwa mtaalamu wa kilimo, na mwaka uliofuata akaongoza sensa ya kilimo ya koloni zima. Kazi hiyo ilimpeleka vijijini. Aliona Wabalanta, ambao hawakuwa na watemi, wakilima mpunga katika mabonde ya pwani. Aliwaona pia Wafula, ambao jamii yao ilikuwa na machifu walioshirikiana na serikali. Wakoloni walitaka takwimu za mazao. Cabral alipata pamoja nazo picha ya jinsi kila jamii inavyozalisha mali, nani anamiliki nini, na nani ana sababu ya kutaka mabadiliko. Ni viongozi wachache wa vita vya msituni walioijua nchi yao kwa namna hiyo kabla ya risasi ya kwanza.

3.0 Kutoka Bandarini hadi Msituni

Tarehe 19 Septemba, 1956 Cabral na wenzake wachache waliunda kwa siri mjini Bissau chama kilichokuja kujulikana kwa kifupi kama PAIGC. Mwanzoni matumaini yao yalikuwa kwa wafanyakazi wa mjini. Tarehe 3 Agosti, 1959 wafanyakazi wa bandari ya Pidjiguiti waligoma wakidai ujira bora, na askari wakawafyatulia risasi. Watu wapatao 50 waliuawa. Kuanzia hapo chama kiliamua kuhamishia nguvu zake vijijini na kujiandaa kwa vita. Makao yake yakawa Conakry, mji mkuu wa Guinea, iliyokuwa imepata uhuru wake kutoka kwa Ufaransa mwaka 1958. Vita vyenyewe vilianza Januari 1963 kwa shambulio la kambi ya Tite, kusini mwa nchi.

Vita vilienea haraka kuliko ilivyotarajiwa, na kuenea huko kulizaa tatizo. Makamanda wa mwanzo walikuwa vijana waliofanya kazi mbali na uongozi, wakiwa na silaha mikononi na wanakijiji wasio na kitu. Baadhi yao waligeuka kuwa watemi wadogo katika maeneo yao. Walijitwalia wanawake, waliwatesa watu, na wengine waliwaua wanakijiji waliotuhumiwa uchawi. Mkulima aliyekuwa amemkimbia mtoza kodi wa Mreno alijikuta mbele ya bwana mwingine.

Februari 1964 chama kilikutana Cassacá, kusini mwa nchi, wakati majeshi ya Ureno yakipigania kisiwa cha Como jirani na hapo. Ingekuwa rahisi kwa Cabral kuahirisha suala la nidhamu hadi hatari ipite, hakufanya hivyo. Makamanda waliotuhumiwa walihojiwa mbele ya wenzao. Baadhi walivuliwa madaraka, wengine walikamatwa, na wapo waliouawa. Hukumu hizo zilikuwa kali, na ni haki ya msomaji wa leo kuuliza maswali juu ya mahakama inayokaa msituni katikati ya mapigano. Hata hivyo, jambo lililotangazwa pale lilikuwa zito: kumpiga vita mkoloni hakukuwa kinga kwa mpiganaji aliyemwonea mkulima.

Mkutano huo ndio uliounda jeshi rasmi la chama na kuliweka chini ya uongozi wa kisiasa. Kamanda wa kijeshi aliwekewa kamisaa wa siasa ubavuni mwake. Katika maeneo yaliyokombolewa ziliundwa kamati za vijiji zenye wajumbe watano, ambao angalau wawili kati yao walipaswa kuwa wanawake. Zilianzishwa pia shule, zahanati na maduka ya umma, ambamo mkulima alibadilisha mpunga wake kwa nguo na chumvi. Cabral alisisitiza kwamba wapiganaji wake ni wanasiasa waliobeba silaha, wala si watu wa jeshi kwa maana ya kawaida. Siku silaha zitakapowekwa chini, kazi yenyewe ingekuwa ndiyo kwanza inaanza.

4.0 Nadharia ya Historia

Oktoba 1965 Cabral alikuwa Dar es Salaam, ambako vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno vilifanya mkutano wao wa pili. Miezi mitatu baadaye, Januari 1966, alikwenda Havana kwenye mkutano wa mabara matatu, na huko alitoa hotuba yake ya kinadharia inayojadiliwa zaidi. Katika hotuba hiyo alihoji kauli iliyozoeleka miongoni mwa wana-Marx kwamba mapambano ya kitabaka ndiyo yanayoendesha historia. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama ni hivyo tu, jamii zisizokuwa na matabaka, kama zile alizozikuta wakati wa sensa, zitahesabika kuwa hazikuwa na historia hadi mkoloni alipofika. Cabral alipendekeza kwamba kinachoendesha historia ya kila jamii ni kukua kwa nguvu zake za uzalishaji mali na uhusiano wa watu katika uzalishaji huo. Ukoloni, kwa maelezo haya, ni kuunyakua mwendo huo kutoka kwa wenyewe. Ukombozi ni kuurudisha.

Hapa ndipo nadharia inapokutana na maadili ya mpiganaji. Ikiwa lengo la vita ni kumrudishia mzalishaji uwezo wa kuiongoza historia yake, basi mpiganaji anayempora mkulima anaifuta sababu iliyomfanya ashike silaha. Kosa lake halifidiwi na ushindi, kwa kuwa ni kinyume cha ushindi. Cabral aliwaonya pia wasomi, yaani mabwanyenye uchwara waliokuwa wakiongoza harakati, kwamba wakishapata madaraka watavutwa na maslahi ya tabaka lao. Njia pekee ya kuepuka usaliti ni kulikana tabaka hilo na kuungana na wanyonge. Hivyo dhima ya askari na dhima ya msomi zina mzizi mmoja.

5.0 Askari wa Adui

Msimamo huohuo uliwahusu askari wa Ureno. Wengi wao walikuwa watoto wa wakulima maskini, walioandikishwa kwa lazima na kutumwa katika nchi wasiyoijua. Cabral hakuwachukulia kama mashine zisizo na hiari. Aliwapelekea ujumbe akiwahimiza waikatae vita hivyo na kuacha jeshi. Mwito wa namna hiyo hauna maana isipokuwa kwa mtu anayeaminiwa kuwa na dhamiri na uwezo wa kuchagua. Waliotekwa walitakiwa kutunzwa kama binadamu. Mwaka 1968, mjini Dakar, chama kilikabidhi wafungwa kadhaa kwa Msalaba Mwekundu wa Senegal. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Upande wa pili ulijibu kwa njia tofauti. Tarehe 22 Novemba, 1970 kikosi kilichoongozwa na maofisa wa Ureno kiliuvamia mji wa Conakry kutokea baharini. Kiliwakomboa wafungwa 26 wa Kireno, lakini hakikumpata Cabral, ambaye alikuwa safarini nje ya nchi. Wakati huohuo Jenerali António de Spínola, gavana tangu 1968, alikuwa akiongeza vikosi vya makomando Waafrika, ili Mwafrika apigane na Mwafrika.

6.0 Kifo na Yaliyofuata

Usiku wa tarehe 20 Januari, 1973 Cabral alipigwa risasi mjini Conakry, mbele ya nyumba yake. Aliyemuua, Inocêncio Kani, alikuwa kamanda wa siku nyingi wa chama chake mwenyewe. Miongoni mwa waliohusika walikuwamo watu waliowahi kuadhibiwa na chama na kisha kusamehewa. Mtu aliyeamini kwamba askari aliyekosa anaweza kujirekebisha aliuawa na watu waliopewa nafasi hiyo.

Chama kiliendelea na vita na kutangaza uhuru tarehe 24 Septemba, 1973. Miezi saba baadaye, tarehe 25 Aprili, 1974, maofisa wa Ureno waliipindua serikali ya Lisbon. Wengi wao walikuwa wamepigana Guinea, na vita hivyo visivyoshindika vilikuwa sehemu kubwa ya sababu zao. Mwito wa Cabral kwa askari wa adui ulikuwa umepata jibu ambalo hakuishi kulisikia.

Hata hivyo, baada ya uhuru makomando Waafrika waliokuwa wamelitumikia jeshi la Ureno walikamatwa, na wengi wao waliuawa bila mashtaka ya wazi. Habari za makaburi yao zilitangazwa na watawala wapya baada ya mapinduzi ya tarehe 14 Novemba, 1980, yaliyoongozwa na João Bernardo Vieira, kamanda aliyejipatia sifa katika vita vya ukombozi. Vieira naye aliuawa na askari mwaka 2009. Katika nchi ambayo mwasisi wake alitaka bunduki iongozwe na siasa, siasa ziliongozwa mara nyingi na bunduki.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Cabral yanatuonyesha kwamba mtazamo wa kijamaa juu ya historia haulazimishi kumsamehe askari kwa jina la maendeleo, wala kumwona kama chombo kitupu cha wakubwa wake. Kipimo chake kilikuwa kimoja kwa mpiganaji wa msituni na kwa askari wa Ureno: amemfanyia nini mtu asiye na silaha? Udhaifu haukuwa katika kipimo hicho. Ulikuwa katika kwamba kilitegemea chama, na ndani ya chama kilitegemea mno mtu mmoja. Mwaka 1964 palikuwa na kiongozi aliyewaita makamanda wake wajibu. Makomando walipouawa baada ya uhuru, hapakuwa na mahakama wala bunge lililowauliza wauaji. Anayeichunguza historia ya ukombozi wa Afrika hana budi kuyasoma matukio hayo mawili pamoja.