Murumbi: Makamu wa Rais aliyeacha cheo akakumbatia sanaa

NI nadra mwanasiasa kuteremka ngazi ya uongozi bila kusukumwa. Hayati Joseph Murumbi aliteremka mwenyewe. Mnamo 1966 aliteuliwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, akarithi kiti alichokiacha Jaramogi Oginga Odinga, na mwaka uo huo akajiuzulu. Miaka iliyosalia ya uhai wake aliitumia kutafuta na kununua kazi za wasanii wa Afrika, wengi wao wakiwa bado hawajapata jina.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Babake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mamake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma, akarejea akiwa kijana, kisha akafanya kazi Somalia kwa miaka kadhaa. Serikali ya mkoloni ilipowakamata viongozi wa chama cha KAU mwaka 1952, yeye ndiye aliyekaimu nafasi ya katibu. Mwaka uliofuata alikwenda ughaibuni kuitetea Kenya, na akaishi London hadi 1962. Akiwa huko alijizoesha kununua vitabu na vifaa vya kale vilivyohusu Afrika. Aliona kwa macho yake jinsi urithi wa bara hili ulivyotapakaa katika maduka na majumba ya wageni, ilhali wenyewe hawakuwa na chochote cha kuwaonyesha watoto wao.

Baada ya uhuru alihudumu kama Waziri wa Mashauri ya Kigeni. Lakini Februari 1965 rafikiye wa karibu, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi. Wengi waliomfahamu Murumbi wanaamini kuwa kifo hicho kilimvunja moyo wa siasa, ingawa sababu iliyotolewa rasmi alipojiuzulu ilikuwa afya.

Punde si punde alikutana na Alan Donovan, Mmarekani aliyekuwa ameandaa maonyesho ya vifaa vya Waturkana jijini Nairobi. Murumbi alipendezwa navyo, akamwomba amkusanyie vingine. Urafiki huo ulizaa jumba la sanaa la African Heritage, lililofunguliwa Nairobi mwaka 1972 na wawili hao pamoja na mkewe Murumbi, Sheila.

Enzi hizo mtalii aliyefika Nairobi aliuziwa vinyago vya twiga na simba vilivyofanana kama chapa, na mchongaji hakutajwa. African Heritage ilimpa msanii jina na mahali pa kuonyesha kazi yake. Miongoni mwa waliofaidika ni Elkana Ong'esa, mchongaji wa mawe kutoka Kisii, na Expedito Mwebe wa Uganda, bingwa wa kuchonga mbao. Katika mkusanyiko wa Murumbi mna pia vyombo vya udongo vya Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye leo kazi zake hugombaniwa katika minada ya Uingereza.

Hapo ndipo ilipo busara ya Murumbi. Hakusubiri wakosoaji wa ng'ambo wamwambie kipi kizuri. Alinunua alichokipenda, mapema, wakati msanii alipohitaji zaidi fedha na kutiwa moyo.

Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya maktaba yake ya maelfu ya vitabu, ili hazina hiyo isitoke nchini. Nyumba yake ya Muthaiga nayo aliiachia serikali, kwa matumaini kuwa ingegeuzwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Matumaini hayo hayakutimia. Nyumba ilibomolewa na ardhi ikagawanywa, huku mwenyewe akiwa hai. Lilikuwa pigo zito kwa mzee aliyekuwa tayari akiugua.

Murumbi alifariki Juni 1990, akazikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto. Sheila alizikwa kando yake mwaka 2000. Mwaka 2006 ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, na sehemu nyingine ya mkusanyiko wake ikawekwa baadaye katika Nairobi Gallery.

Hata hivyo, kazi aliyoianza haijakamilika. Kila mwaka vijana wachoraji na wachongaji huonyesha kazi zao Nairobi, Mombasa na Kisumu, na aghalabu wanunuzi wakubwa huwa wageni. Kazi hizo zikishapakiwa na kusafirishwa, ni vigumu kuzirudisha. Murumbi alilitambua hilo mapema, na ndiyo maana Mkenya anayepita Moi Avenue leo anaweza kuingia na kuona urithi ambao pengine ungekuwa London au New York.